Bwana Uhakiki

Dokta Ngwale alipofariki, chuo hakikumsomea dua wala misa. Kilimfanyia kongamano. Waliweka picha yake kubwa ukumbini, ile aliyopiga akiwa bado na nywele, wakagawa chupa za maji na korosho kwenye visahani, halafu wakapanda jukwaani mmoja mmoja kutueleza jinsi marehemu alivyokuwa nguzo ya taaluma ya mawasiliano. Mimi niliwekwa mstari wa mbele pamoja na wastaafu wenzangu, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo wa shahada ya pili, na kwa sababu, nadhani, walihitaji vichwa vyenye mvi kwa ajili ya picha. Nilivumilia. Nimefundisha uandishi wa habari muda wa kutosha kujua kwamba watu wa mawasiliano ndio wasiojua kunyamaza. Kisha akapanda mhadhiri mmoja kijana mwenye tai nyembamba, akasema atatusomea sentensi moja kutoka kwenye tasnifu iliyosimamiwa na marehemu, ambayo yeye huwapa wanafunzi wake kila mwaka kama mfano wa utafiti uliokamilika. Ikatokea ukutani kwa herufi kubwa kama tangazo la sabuni: "Utafiti huu umebaini kwamba ujumbe uliwafikia walengwa na ukaeleweka." Watu wakapiga makofi. Mama aliyekaa kando yangu akaniinamia akasema, "Hongera, Mwalimu Salha," maana jina langu lilikuwa chini ya maneno hayo. Niliona aibu imenipanda mpaka masikioni. Sentensi ile ni ya uongo, niliiandika nikijua ni ya uongo, na yuko mama mmoja aliyeulipia uongo huo wakati mimi napimwa joho.

Mwaka wa uongo huo ni ule niliokwenda Kigoma kukusanya data, katika miaka ya tisini, wakati Warundi walipokuwa wakivuka ziwa na mpaka kwa makundi na mji ukajaa magari meupe yenye antena ndefu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha watu watatu. Mada yangu ilikuwa upokeaji wa matangazo ya umma miongoni mwa wakimbizi, maneno ambayo hata leo yakinitoka mdomoni najiona kama natafuna karatasi. Halafu mimi ni mtu wa Tanga. Sisi tukishavuka Mto Wami tu tunaanza kusahihisha Kiswahili cha watu, na mimi nilikuwa nimevuka nchi nzima kwa gari moshi, siku mbili na ushei, kwa hiyo nilifika Kigoma nikiwa na hamu kubwa ya kusahihisha. Niliwasahihisha wapagazi stesheni. Nilimsahihisha karani wa mkoa aliyenigongea mhuri kwenye kibali cha utafiti, mzee wa watu, aliyesema "tunakukaribisha sana" kwa lafudhi ya Kiha nami nikacheka puani. Nikimkumbuka sasa msichana yule niliyekuwa, na viatu vyake vya kisigino kwenye udongo ule mwekundu, natamani ningekuwepo nimzabe kofi.

Nilipanga chumba cha uani Rusimbi, kwa mwanamke aliyeitwa Zuhura. Alikuwa Muha wa kuzaliwa, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha kazi, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja nikamwajiri pia awe mkalimani wangu. Alinizidi miaka kumi na zaidi. Kwa adabu ya nchi hii nilipaswa kumwamkia kila asubuhi, na sikumwamkia hata siku moja, eti mimi ndiye mwajiri. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka na ndoo yake na kusema, "Mwakeye, dada," nami nikijibu, "Habari," kama namjibu mpiga debe. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, msumari wa kutundikia nguo, na meza ya cherehani ambayo cherehani yake ilikuwa imeondolewa. Niliandikia juu yake huku miguu yangu ikichezea pedali. Dirishani nilikuwa naona kipande cha ziwa chenye ukubwa wa leso. Harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa jirani iliingia humo asubuhi na haikutoka tena.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, kila siku ya Mungu, na sasa ninapokaa Dar es Salaam nikila samaki wa kwenye jokofu najua kwamba sijawahi tena kula vizuri kama mwaka ule. Lakini wakati huo nilikuwa nayaengua yale mafuta mekundu kwa kijiko na kuyamwaga pembeni, mbele ya mwenye chakula. Zuhura na wageni wake walikula kwenye sinia moja mkekani. Mimi niliomba sahani yangu, na kijiko, na kiti. Alinipa vyote. Kuna mchana mmoja nilikuwa ndani, wao wako uani wanachambua dagaa, nikasikia jirani yake anasema, "Huyu mpangaji wako anasema kama redio." Mwenzake akaitikia, "Anasema vizuri sana." Zuhura akawauliza, "Amesema nini?" Yule wa kwanza akajibu, "Sijui. Lakini anasema vizuri." Wakacheka kidogo wakaendelea na kazi. Nilikaa kwenye meza yangu ya cherehani nikajaa furaha. Nililiandika hata kwenye daftari, kwamba wenyeji wameikubali lugha yangu.

Kwa hiyo shirika lililokuwa likihudumia kambi liliponiomba ninyooshe Kiswahili cha matangazo yake, nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia, maana mtafiti hatakiwi kupima mkate alioukanda mwenyewe, na Dokta Ngwale, nilipomwandikia, alijibu kwa postikadi kwamba ni "fursa nzuri". Wakati huo palikuwa na jambo kubwa: siku ya Alhamisi fulani, wiki tatu mbele, wakimbizi wote walitakiwa wafike uwanjani na kadi zao waandikwe upya, na asiyefika angefutwa kwenye orodha ya chakula. Rasimu ya tangazo ilikuwa imeandikwa na Zuhura, kwa ombi la dereva wa gari la kipaza sauti. Ilisema hivi: "Alhamisi njooni wote uwanjani mhesabiwe. Njoo na kadi na watoto. Usipokuja utafutwa, hutapata chakula." Nilimrudishia nikamwambia kuhesabiwa ni kwa mbuzi. Nikaketi nikaandika: "Wakimbizi wote mnatangaziwa kwamba siku ya Alhamisi kutafanyika uhakiki wa wanufaika. Kila mkuu wa kaya ahudhurie akiwa na nyaraka stahiki. Atakayeshindwa kuhudhuria atachukuliwa kuwa amejiondoa kwa hiari." Meneja wa shirika, mtu wa Bukoba mwenye kalamu nne mfukoni, alisoma akasema sasa hiki ndicho Kiswahili. Zuhura alisoma mara mbili.

"Dada, hawa watu Kiswahili ni cha kuokota. Uhakiki hawaujui."

"Watajifunza," nikamwambia. "Lugha haiwezi kuteremka kila mtu anapoinama."

Nilijisikia nimesema jambo la maana. Wiki hiyo hiyo gari likaanza kuzunguka kambini na kipaza sauti, likisoma maneno yangu asubuhi na mchana, nami nikaanza kuzunguka nyuma yake na madodoso, kupima kama maneno yangu yamesikika.

Sasa nieleze lile dodoso, kwa sababu mambo yote yamefungwa humo. Swali la saba liliuliza: Je, ulisikia tangazo? Swali la nane: Je, ulilielewa? Jioni kabla ya siku ya kwanza tulikaa uani tukayatafsiri. Zuhura akasema swali la saba ni jepesi, ni kwumva. La nane, akasema, watu wengi pia watalisema kwumva, kwa sababu kwao kusikia na kuelewa ni neno hilo hilo moja, ila ukitaka kutenganisha kuna neno jingine, gutahura. "Tutumie hilo," akasema. Mimi nilikuwa na kijitabu changu cha msamiati, maneno labda arobaini, na mojawapo lilikuwa gutahuka, kurudi nyumbani kutoka ukimbizini. Kibali changu kilisema wazi kwamba ni marufuku kuwauliza wakimbizi habari za kurudi kwao. Nikamwona Zuhura anataka kuniingiza matatani.

"Hilo la kurudi usiliguse," nikamwambia.

"Si la kurudi, dada. Gutahuka ndiyo kurudi. Hili ni gutahura. Kuelewa, kuling'amua jambo."

"Nimesikia ni lile lile."

"Lina r."

"Mimi nina masikio, Zuhura. Nimesomea lugha."

Akawa anaviringisha ukingo wa khanga kidoleni. Nikaagiza kwamba maswali yote mawili yatumie kwumva, na nikaandika hivyo kwa wino kwenye madodoso yote. Sikio la kufa halisikii dawa. Kuanzia kesho yake tukawa tunaingia kwenye nyumba za watu na kuwauliza swali moja mara mbili, na wao, kwa ustaarabu wa mtu anayekaa kwa hisani ya wengine, wakawa wanajibu mara mbili kwamba wamesikia. Narumvise. Narumvise. Mimi natia alama ya vema, na vema. Mzee mmoja alimuuliza Zuhura kwa upole kama mimi ni kiziwi, na Zuhura aliponiambia nilikasirika siku nzima, siyo kwa kuwa nilijiuliza kwa nini mzee ameuliza hivyo, bali kwa kuwa amethubutu.

Jioni watumishi tuliotoka mikoa mingine tulikuwa tunakutana kwenye baraza ya hoteli moja inayotazama ziwa, tukila samaki aina ya kuhe wa kukaanga na kulalamika. Hapakuwa na mazungumzo mengine pale. Mtu wa Bukoba alilalamikia ndizi za Kigoma, mtu wa Moshi alilalamikia vumbi, daktari mmoja kutoka Mbeya alilalamikia treni, na wote kwa pamoja tuliwalalamikia walengwa, ndivyo tulivyowaita, kwamba hawafuati maelekezo. Neno lile nalichukia sasa. Mtu amekimbia nyumba yake na watoto mgongoni, amefika nchi ya watu, halafu anakutana na sisi tunamwita mlengwa, kana kwamba hakutoroka kulengwa huko alikotoka. Lakini mwaka ule nililipenda. Nililiandika kwenye kila ukurasa wa tasnifu, na kule barazani nilikuwa ninalitamka vizuri kuliko wote.

Mhojiwa wetu wa mwisho, siku ya mwisho ambayo kibali kiliniruhusu kuingia kambini, alikuwa mwanamke aliyeitwa Domitila. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na turubai la plastiki, na uwanja mbele yake ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Alikuwa na watoto watatu. Alisema alivukia upande wa Kagunga, kijiji cha mpakani, na mume alibaki ng'ambo. Alitutolea kigoda kimoja akanikalisha mimi, akaleta mahindi ya msaada aliyochemsha, kwenye kifuniko cha sufuria, na nikakataa kwa mkono bila hata kusema ahsante. Zuhura akachukua punje kadhaa akatafuna kwa niaba yetu sote wawili. Tukauliza. Swali la saba: narumvise. Swali la nane: narumvise. Nikafunga kalamu. Hapo Domitila akamgeukia Zuhura akamuuliza kitu, uso wake una wasiwasi na heshima, kama mtu anayeuliza habari za mgeni mkubwa: "Uwo Uhakiki azoza ryari?"

Zuhura akafungua kinywa kumjibu. Nikamkatiza. Tulikuwa tumefundishwa, na nilikuwa nimemfundisha yeye, kwamba mhojiwa haulizi na mtafiti hafundishi, kwa sababu ukimweleza mmoja jambo umeharibu sampuli nzima. "Usimjibu," nikasema. "Twende, lori linaondoka." Zuhura alinitazama, akamtazama Domitila, akasema neno fupi la kuaga. Alikuwa ndani ya kambi kwa kibali chenye jina langu. Bila mimi asingepita hata getini. Tulipokuwa juu ya lori, tumeshikilia bomba, ndipo aliponieleza alichoulizwa.

"Alikuwa anauliza huyo Bwana Uhakiki atafika lini. Anasema amemsubiri, amefagia."

Nilicheka. Naandika hili kwa mkono wangu mwenyewe na hakuna anayenilazimisha: nilicheka mpaka dereva akageuza shingo. Zuhura akasema tumwombe dereva asimame arudi mara moja amweleze, dakika mbili tu. Nikamwambia majirani watamweleza, na tangazo bado litasomwa. Jioni ile kule barazani nilikisimulia kisa hicho juu ya samaki, nikaiga na sauti ya Domitila, na meza nzima ikalia kwa kicheko. Nilimaliza kwa methali, mimi bingwa wa lugha: asiyejua maana haambiwi maana. Kwa wiki nzima watu walikuwa wakipeana mikono wakiitana Bwana Uhakiki.

Alhamisi ilikuja ikapita. Domitila alibaki nyumbani kwake na watoto wake watatu waliooshwa nyuso, akamngoja mgeni. Majirani walipompitia aliwaambia watangulie, yeye hawezi kuondoka nyumbani mkubwa anakuja. Hayo niliyajua baadaye, siku kumi hivi, nikiwa nimekaa kwenye ile meza naandika Sura ya Nne. Nilisikia sauti uani. Nikachungulia dirishani nikamwona Domitila amekaa mkekani kwa Zuhura, ametembea na kuomba lifti mpaka mjini bila ruhusa, ana mtoto mdogo mgongoni na kadi yake kwenye mfuko wa plastiki. Walikuwa wanakula sinia moja. Alikuwa anakula polepole sana, na kila tonge la pili anamgeuzia mtoto. Zuhura akanawa, akaja mlangoni kwangu, akasimama. Hakuwahi kuingia chumbani kwangu bila kuitwa, na chumba kilikuwa chake.

Alinieleza. Jina la Domitila limefutwa. Ofisini wamemwambia malalamiko yanapokelewa mpaka mwisho wa wiki, lakini si kwa mdomo. Aje na barua ya mtu anayeaminika, itakayothibitisha kwamba tangazo halikueleweka kwake. "Dada, una karatasi za chuo zenye nembo," Zuhura akasema. "Mistari mitatu tu. Wewe ulikuwepo."

Nitasema nilichofikiri, kwa sababu ndiyo kazi ya kumbukumbu. Juu ya meza palikuwa na ukurasa wenye ile sentensi, ujumbe uliwafikia walengwa na ukaeleweka, wino haujakauka. Barua na tasnifu, ambayo shirika lilitaka nakala yake, vingeishia kwenye dawati la meneja yule yule. Kama tangazo halikueleweka kwa Domitila, basi vema zangu zote za swali la nane hazikuwa na maana, na ningetakiwa nirudi kambini nianze upya, na Dokta Ngwale alikuwa ameniandikia sura ifike kwa treni ya mwisho wa mwezi la sivyo nisubiri mahafali ya mwaka mwingine. Mwaka mzima, nikafikiri. Nilifikiri pia kwamba neno uhakiki nililiweka mimi. Nikaivuta bahasha ya madodoso, nikalitafuta lake, nikatoka nalo uani.

"Muulize kama hakujibu kwamba ameelewa," nikamwambia Zuhura. "Jibu lake hili hapa. Mara mbili."

Zuhura hakutaka. Nikasisitiza. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa neno lile lile nililomlazimisha kulitumia. Domitila aliitazama karatasi, akanitazama mimi niliyesimama juu yake, akasema kweli tupu, maana kusikia alisikia. "Narumvise." Nikamwambia Zuhura, umeona. Nikarudi ndani nikakaa. Miguu yangu ikaanza kukanyaga ile pedali isiyo na cherehani, na nikamsikia Zuhura akianza kufunga ugali uliobaki kwenye jani la mgomba.

Zuhura alikwenda ofisini peke yake siku mbili mfululizo kumsemea. Walimwambia mkalimani si mtu anayeaminika. Baadaye nilipokwenda kuaga, meneja alinionesha kwa fahari orodha mpya, safi, imepigwa chapa, na nikaliona jina la Domitila na watoto wake kwenye safu ya mwisho, ile ya waliorejea kwao kwa hiari. Juu ya safu hiyo waliandika pia kwa Kirundi, abatahutse. Ndilo gutahuka, neno la kurudi nililomkataza Zuhura asiliguse. Lilikuwa limeandikwa rasmi sasa, bila kosa hata moja. Watu walisema ameonekana ufukweni akipanda boti la Kagunga, na huko mbele ya Kagunga mwaka ule hapakuwa mahali pa kumrudisha mtu na watoto watatu. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na treni.

Utetezi wa tasnifu ulifanyika kwenye chumba chenye feni mbovu. Dokta Ngwale, nguzo ya taaluma, aliniuliza kwa nini pambizo za kushoto hazilingani. Mtahini wa nje alikuwa amesoma kweli, Mungu amrehemu, akauliza inakuwaje majibu ya swali la saba na la nane yafanane kwa kila mhojiwa bila kupishana hata mmoja. Nikajibu kwamba hilo linaonesha uthabiti wa majibu. Alinitazama kidogo, akaandika, na baadaye nilipoiona nakala yake nilikuta ameandika pembeni: vizuri sana. Kwenye shukrani niliwataja watu kumi na wawili, pamoja na mpiga chapa. Zuhura nilimwita "mkalimani wangu", bila jina. Kwa shahada hiyo nikapata kazi, kwa kazi hiyo nikafundisha watu jinsi ya kuuliza maswali, na baadhi yao ndio hao waliokuwa wakipiga makofi ukumbini.

Mshereheshaji akaniita nami niseme machache. Nilipanda. Nikawaambia kwamba sentensi iliyoko ukutani ni ya uongo, kwamba niliwauliza watu swali moja mara mbili nikaliita mawili, kwamba mama mmoja alifutiwa chakula na mimi nikakataa kumwandikia mistari mitatu. Nilisema polepole, kwa Kiswahili changu cha Tanga kisicho na doa. Walinisikiliza vizuri. Nilipomaliza wakasimama wakapiga makofi kuliko mwanzo, na yule kijana wa tai nyembamba akachukua kipaza sauti akamshukuru mama yetu kwa unyenyekevu wake wa kitaaluma. Nikashuka nikaenda zangu, nikaacha korosho zao kwenye kisahani.

Namba ya Zuhura niliipata kwa mpwa wake. Ilinichukua siku nne kuipiga. Alipopokea nilisikia kuku, na mtu anayefagia, na nikajua yuko uani.

"Shikamoo, dada Zuhura," nikasema. "Ni Salha. Yule mpangaji wako wa Tanga."

Nilihesabu ufagio ukipita mara tano.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa kuamka."

Nikamweleza niliyoyasema ukumbini na kwa nini. Hakunikatiza. Nilipomuuliza habari za Domitila alisema hajui, hajawahi kujua, ila yeye ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye boti na kumfungia migebuka mikavu ya njiani. "Akaniuliza kama Uhakiki amemkasirikia," akasema Zuhura. "Nikamweleza siku hiyo, tena kwa utulivu, kwamba Uhakiki si mtu, dada, ni neno tu la kuhesabu watu. Akakataa. Akasema ni mtu, na yeye ameshamwona. Akasema, anakaa kwako, chumba cha uani."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Mwishowe nikasema lililokuwa limebaki, kwamba nilimkosea yule mama na nilimkosea yeye, kwamba alikuwa sahihi kuhusu lile neno, lilikuwa na r, na kwamba namwomba anisamehe.

"Ndumva," akasema Zuhura, kwumva ile ile ya dodoso.

Nikamshukuru. Swali la nane sikumuuliza.